Siku Sita Bodensee, Ndege Wakiteremka Kutoka Kaskazini

Ijumaa, Radolfzell

Nimefika ziwa Bodensee, kusini mwa Ujerumani, na ziwa sijaliona. Kituo cha treni cha Radolfzell kipo ukingoni kabisa mwa maji; unashuka, unapita chini ya reli, hatua chache upo gatini. Leo gati liliishia kwenye weupe. Ukungu wa Novemba wa huku si kama ule ninaoujua mimi, unaokuja na alfajiri na kutoweka jua likichomoza. Huu unajilaza juu ya maji na kukaa siku tatu, pengine wiki nzima, na wenyeji wanaendelea na shughuli zao huku magari yamewasha taa mchana.

Nikasimama pale nikasikiliza, maana hakukuwa na lingine la kufanya. Mwanzoni sikusikia kitu. Masikio yalipotulia, weupe wote ule ukawa umejaa. Karibu yangu kulikuwa na mlio mkavu, mfupi, kama mtu anayegonga ndoo kwa kijiti: kukuziwa. Mbali kidogo filimbi ikapanda na kushuka, moja, kisha nyingi kwa pamoja. Hao ni bata ambao Wajerumani wanawaita Pfeifente, yaani bata filimbi. Na chini ya sauti zote hizo kulikuwa na mchakacho laini usiokatika, wa ndege wengi wakichuja maji kwa midomo. Wako mia mbili au elfu mbili, nisingeweza kusema.

Nieleze kilichonileta. Mimi ni muuguzi Stuttgart, mwaka wa nane sasa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Stuttgart hutoka ziwa hili. Huvutwa pale Sipplingen, mita 60 chini ya uso wa maji, yakasukumwa kupita milima mpaka mjini. Kwa hiyo nimelinywa ziwa hili miaka minane bila kulitazama vizuri. Kabla yake nilikunywa lingine. Nimezaliwa Ukerewe, kisiwani Ziwa Viktoria, baba yangu ni mvuvi wa dagaa, na kila vuli mitumbwi ikirudi asubuhi alikuwa akituonyesha ndege wadogo weupe wanaopepea juu ya maji na kudona bila kutua. "Wageni hao," alisema. "Wametoka Ulaya, wamekimbia baridi." Nilipofika Ulaya, majira ya baridi ya kwanza nikamuuliza mwenzangu wa zamu: ndege wenu wote si wako kwetu saa hizi? Akaniambia, nenda Bodensee mwezi wa kumi na moja ukajionee.

Jioni hii nimerudi gatini mara mbili. Ukungu umekuwa wa rangi ya chungwa chini ya taa. Filimbi bado zinalia.

Jumamosi, rasi ya Mettnau

Saa tano asubuhi ukungu ukanyanyuka kama pazia linalokunjwa kutoka chini. Kwanza niliona maji peke yake, kisha miguu ya matete, kisha ndege.

Mettnau ni rasi nyembamba inayoingia ziwani kutoka Radolfzell. Ncha yake ni hifadhi, huruhusiwi kuacha njia. Jambo la kwanza lililonishangaza ni ufuko. Kwetu ziwa hupanda na mvua. Hapa mvua ya vuli ikinyesha juu kwenye milima ya Alps inakuwa theluji na kubaki hukohuko, na maji yanafika ziwani Juni na Julai theluji inapoyeyuka. Kwa hiyo wakati huu ziwa linashuka wiki hadi wiki, kina kinapungua pembezoni, na chakula kilichokuwa mbali chini kinakuja usawa wa shingo ya bata. Mamia ya maelfu ya ndege wanakuja juu ya meza ambayo ndiyo kwanza inaandaliwa.

Nilikaa zaidi ya saa mbili nikimtazama bata mmoja tu. Kolbenente dume: kichwa cha duara, kikubwa, rangi ya kutu inayong'aa kuelekea chungwa, mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva, kifua cheusi, ubavu mweupe. Alikuwa kama mita kumi na tano kutoka niliposimama. Anavuta pumzi, anainama, anazama bila kurusha tone. Nikahesabu mpaka kumi na moja. Akaibuka na shungi la majani ya kijani mdomoni, yananing'inia pande zote mbili kama mchicha uliong'olewa na mizizi, na kabla hajameza, kukuziwa mmoja akaja mbio juu ya maji akanyakua nusu. Upande wa pili alikuwepo bata mwingine wa kijivu, mtulivu, Schnatterente, ambaye hazami kabisa. Kazi yake ni kusubiri. Kila vipande vilipoelea, alivikusanya kwa adabu, kimoja kimoja. Yule Kolbenente hakugombana na yeyote, alizama tena. Nilimwona akizama mara ishirini na tatu, na nadhani zaidi ya nusu ya jasho lake liliishia kwenye matumbo ya wengine.

Majani yale ni Chara, aina ya mwani wa maji baridi. Bua moja lilikuwa limesukumwa ufukoni, nikaliokota. Linakwaruza vidoleni, limejaa chokaa, kama nywele zilizokaukiwa na mchanga wa bahari. Nililiponda kidogo, likatoa harufu inayokaribia ya kitunguu saumu kilichooza. Ni huu ndio unaomleta Kolbenente, na wengine wao hutoka Hispania na kusini mwa Ufaransa, wanapanda kuja kaskazini wakati bata wengine wanateremka kwenda kusini. Wanaanza kufika tangu mwisho wa kiangazi, wanabadilisha manyoya hapa, wanakaa.

Kuna kipindi ambapo Chara ilikaribia kuisha. Majitaka ya miji na sabuni zenye fosfeti yaliingia ziwani miaka ya 1960 na 1970, maji yakawa ya kijani, mwanga haukufika chini. Nchi tatu zinazogusa ziwa, Ujerumani, Uswisi na Austria, zikajenga mitambo ya kusafisha maji kila upande, na fosforasi iliyofikia kilele mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kushuka. Ilipofika miaka ya 1990, Chara ilikuwa imeshatandika upya sakafu ya sehemu zenye kina kifupi, na Kolbenente wakarudi nyuma yake. Nikiangalia lile shungi mdomoni mwake nilijikuta nafikiria ghuba ya Mwanza, magugu maji yaliyosongamana, na ule ukijani kwenye maji yaliyotuama. Safari hiyo ya kurudi inawezekana. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini na pesa nyingi sana, lakini nimeishika mkononi.

Jumapili, tuta la Reichenau

Hii ndiyo siku niliyoipangia safari. Tangu majira ya baridi ya 1961/62, wanachama wa chama cha watazamaji ndege wa Bodensee wanahesabu ndege wa maji wa ziwa zima, mwezi kwa mwezi kuanzia Septemba hadi Aprili, Jumapili ya katikati ya mwezi. Ufuko wote wa kilomita 273 umegawanywa vipande, kila kipande kina watu wake, wote kwa siku moja ili ndege wasihesabiwe mara mbili. Ni watu wa kujitolea. Nilikuwa nimeomba kumfuata mmoja wao, na asubuhi saa mbili nikamkuta kwenye magofu ya ngome ndogo ya Schopflen, mwanzo wa tuta linaloelekea kisiwa cha Reichenau, pale kwenye jukwaa la kutazamia. Mzee mwenye miaka zaidi ya sabini, mwalimu mstaafu, kofia ya sufu, darubini kubwa ya miguu mitatu, na kidude cha kubonyeza kila mkono.

Kwanza akanifundisha kuhesabu. "Anza kushoto," akasema. "Hesabu kumi, mmoja mmoja, polepole. Tazama kumi wanachukua nafasi gani kwenye maji. Sasa hamisha nafasi hiyo kuelekea kulia, kumi kumi. Usirudi nyuma. Ukirudi nyuma umepotea." Tukajaribu kundi moja la kukuziwa mbele ya matete. Mimi nilipata 410. Yeye alipata 560. Tukarudia, nikapata 530, na akasema inatosha, anayeanza huwa anaona wachache kuliko waliopo kwa sababu jicho linawaonea huruma wa mbele na kuwasahau wa nyuma.

Halafu tukageukia katikati. Kwenye maji yaliyotulia, mbali, kulikuwa na kitu nilichodhani ni mkeka wa majani yanayoelea, mweusi na mweupe. Nilipotia jicho kwenye darubini yake mkeka ukagawanyika, na kila kipande kikawa bata aliyelala, mdomo umefichwa mgongoni, kishungi kimelala kisogoni kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Reiherente. Wengine walikuwa na jicho moja wazi, la njano kali. Walielea wote wakielekea upande mmoja, upepo ukiwasogeza kidogo kidogo, na mara kwa mara mmoja alipiga mguu bila kuamka ili abaki kwenye kundi.

"Mbona wamelala mchana?" nikauliza.

"Wametoka kazini. Wao wana zamu ya usiku, kama wewe."

Jua likizama wanaruka kwenda kwenye miamba na kingo zenye kome, wanazama gizani, wanang'oa kome kwa mdomo na kuwameza wazima na magamba yao. Firigisi ndiyo inayoyavunja. Nilisimama pale nikafikiria firigisi, kile kipande ambacho kwetu alitengewa baba, na nguvu inayohitajika kusaga gamba kuwa unga.

Kome hao wana milia, wengi si wakubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, na si wa hapa. Asili yao ni mito na maziwa ya upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi. Walionekana Bodensee katikati ya miaka ya 1960, na kwa miaka michache tu wakatanda kila jiwe. Mzee alinieleza kwamba hii ndiyo thamani ya kuhesabu mfululizo: walikuwa wameanza kabla kome hawajafika, kwa hiyo waliiona kwenye daftari lao hesabu ya Reiherente, ya bata wengine waitwao Tafelente, na ya kukuziwa ikipanda mara nyingi zaidi ya mwanzo. Mwaka 2016 akaonekana kome mwingine, quagga, anayeishi mpaka kwenye vina virefu na kuziba mabomba ya maji ya kunywa. Bata wanamla naye. Kwa mafundi wa maji ni balaa, kwa bata ni neema, na mzee aliyasema yote mawili kwa uzito uleule.

Mwaka huohuo, Novemba, mafua ya ndege yaliingia ziwani. Hao waliolala pale, Reiherente, ndio waliokufa zaidi, mamia. Mzee alitembea ufukoni na glavu akiwaokota. Hakuongeza neno juu ya hilo na mimi sikuuliza. Nimefanya kazi wodini wakati wa korona, naijua sura ya mtu anayekumbuka hesabu ya namna hiyo.

Wanatoka wapi? Kaskazini mashariki: Ufini, Urusi, mpaka Siberia ya magharibi. Pete za miguuni ndizo zilizosema. Kituo cha kuvisha ndege pete kipo Radolfzell kwenyewe. Kilianzishwa 1901 kule Rossitten, kwenye pwani ya Baltiki, na baada ya vita kikahamia huku, 1946. Nikamwambia habari ya ndege weupe wa baba, na swali lililonisumbua tangu mwaka wa kwanza. Kama hawa wana mbawa za kuvuka nchi nzima ya Urusi, kwa nini wanakwama kwenye baridi hii? Mimi nilikuwa nimevaa glavu mbili mbili. Kwa nini wasiendelee mpaka kwetu, maji ya uvuguvugu mwaka mzima?

Mzee akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini basi lake linasimama kituoni. "Wakatafute nini huko? Wamekimbia barafu. Hapa hakuna barafu na kome wapo. Kwa huyu bata, hapa ndipo kusini kwenye joto."

Nimeliandika neno hilo kama alivyolisema. Bodensee lina kilomita za mraba 536 tu. Ziwa Viktoria lina karibu 69,000. Lakini hili lina kina cha mita 251, wakati letu halifiki 90, na maji ya kina kirefu hutunza joto la kiangazi na kuliachia taratibu. Ndiyo maana huganda kwa nadra mno. Mara ya mwisho ziwa zima kuganda ilikuwa Februari 1963. Watu walivuka kwa miguu kutoka Hagnau upande wa Ujerumani mpaka Münsterlingen Uswisi, na mzee alikuwa miongoni mwa watoto walioteleza katikati ya ziwa. Ndege wengi walikufa njaa majira yale. Yeye na dada yake walikuwa wakipeleka mkate kwenye matundu ya maji yaliyobaki wazi.

Wale weupe wa baba, akasema, hawazaliani Bodensee. Wanatoka kwenye mabwawa ya Ulaya ya Mashariki na kuendelea mashariki. Wanaishi kwa wadudu na visamaki vya juu ya maji, na wadudu wanapoisha hawana kome wa kuwashikilia njiani. Ndio maana wao wanafika mpaka Ukerewe.

Tulimaliza saa saba na nusu. Vidole vyangu havikuweza kufunga zipu.

Jumatatu, Konstanz

Mvua tangu alfajiri. Nimehamia Konstanz, dakika chache kwa treni.

Chini ya paa la banda gatini nilimkuta mvuvi akitengeneza wavu, umri kama wa kaka yangu mkubwa. Nikasimama kumtazama na yeye akaona jinsi ninavyotazama mikono, akaniuliza kama nimewahi kushika sindano ya wavu. Nikafunga matundu sita. Yalikuwa mabaya lakini hakuyafumua.

Samaki wa ziwa hili, yule aliyelisha familia zao, ni Felchen. Kuanzia Januari 2024 ilipigwa marufuku kumvua kwenye Obersee, sehemu kubwa ya ziwa, kwa miaka mitatu, kwa sababu alikuwa anaelekea kuisha. Sababu ni nyingi na zinashikana. Maji yamekuwa safi na chakula chake kimepungua. Quagga anachuja kilichobaki. Samaki mwingine mdogo mwenye miiba, Stichling, amezagaa na anakula mayai na vifaranga vya Felchen. Maji yanazidi kupata joto. Na mnandi. Juu ya mnandi hakuwa na maneno ya upole. Alinionyesha nguzo za gati zilizojaa ndege weusi waliotandaza mbawa mvuani, akasema kila mmoja wao anakula nusu kilo ya samaki kwa siku wala halipi leseni.

Jambo hili lilinikaa vibaya, na bado linanikaa. Jumamosi nilikuwa nimefurahia maji masafi yaliyomrudisha Kolbenente. Usafi huohuo ni sehemu ya njaa ya mtu huyu. Sina la kulipatanisha.

Usiku nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekula? Baridi imekufikia?"

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye marufuku akanikatiza. "Miaka mitatu hawatii wavu? Sasa watoto wanakula nini?" Nikamwambia wengine wameajiriwa kazi nyingine, wengine wanauza samaki kutoka nje. Akanyamaza kidogo. "Mnandi ninamjua," akasema. "Tangu nizaliwe tunagombana naye. Lakini mwambie huyo kijana, mnandi akiondoka ziwani ndipo ahofu kweli."

Jumanne, delta ya Mto Rhein

Upepo wa Föhn umeshuka kutoka milimani usiku na kufagia kila kitu. Ni upepo wa joto, mkavu, na una tabia moja: unaisogeza milima. Asubuhi kilele cha Säntis, mita 2,502, kilionekana kama kinaweza kuguswa kutoka dirishani. Kando ya ziwa zima taa za tahadhari za rangi ya chungwa zilikuwa zinawaka na kuzima. Mara 40 kwa dakika ni onyo, mara 90 ni dhoruba. Nilihesabu. Zilikuwa 90.

Treni ya upande wa Uswisi, kisha Austria, kisha basi mpaka Fußach. Hapa Mto Rhein unaingia ziwani ukitoka Alps, umebeba matope yote ya milima, na mkondo wake wa sasa ulichimbwa na watu, ukafunguliwa mwaka 1900. Ni nchi tambarare ya matete, nyasi na matope, mahali ambapo macho ya mtu wa kanda ya ziwa yanapumzika.

Nilikuja kwa ajili ya sululu, wale ndege wenye mdomo mrefu uliopinda. Mchana wanatawanyika mashambani kutafuta minyoo, jioni wanarudi kulala wakiwa wamesimama kwenye maji mafupi, mbali na mbweha. Nilifika saa tisa na nusu nikakaa nyuma ya tuta upepo usinifikie. Kwa muda mrefu hakukuwa na chochote ila shakwe. Saa kumi na robo ikasikika sauti moja kutoka nchi kavu, ile sauti yao inayoanza chini na kupanda kama swali. Kisha wakaja. Kumi na wawili kwa mstari, kimya, wakipiga mbawa polepole dhidi ya upepo. Halafu arobaini. Halafu nikaacha kuhesabu kwa vikundi nikatumia njia ya mzee, kushoto kwenda kulia, kumi kumi, na nilipofika 380 giza likanizuia na bado walikuwa wanakuja.

Walipotua hawakutulia mara moja. Kila aliyefika alitembea hatua kadhaa, mdomo ule mrefu uliopinda ukielekea chini, akatafuta nafasi, wa jirani akasogea. Kisha wote wakageuka kuuelekea upepo. Sululu wa namna hii nimewahi kuwaona Tanga, maji yakiwa yametoka, wakichoma matope mbele ya mikoko kwa mdomo uleule. Wale wa pwani yetu hutoka mashariki zaidi, hawakupita hapa. Lakini sauti ni ileile, na niliisikia safari hii nikiwa nimevaa koti la manyoya, milima ya theluji nyuma yao ikiwa bado na wekundu wa jua.

Nilikosa basi la saa kumi na mbili. Nikangoja lingine.

Jumatano, Ermatingen

Ukungu umerudi, mwepesi. Asubuhi ya mwisho nikavuka mpaka wa Uswisi kwa miguu, Konstanz na Kreuzlingen zimeshikana, nikapanda treni ndogo mpaka Ermatingen. Kati ya hapa na tuta la Reichenau kuna beseni la maji mafupi ambalo Jumapili nilikuwa nalitazama kutoka upande wa pili. Mpaka katikati ya miaka ya 1980 wavuvi na wawindaji wa hapa walikuwa na msimu wa kuwinda kukuziwa kwa pamoja, mashua kwa mashua, wakazi wakipinga na wengine wakitetea, mpaka ulipofutwa. Leo kukuziwa walikuwa wakila kando ya gati, mita tano kutoka kwangu, vidole vyao vipana vya kijani vikionekana ndani ya maji.

Nilikuwa natafuta bata maji, wale wakubwa weupe wenye shingo ndefu. Yule wa kawaida wa Ulaya, mwenye mdomo wa chungwa na nundu, yupo kila bandari na anakula mkate. Mgeni ni Singschwan, anayetoka misitu na mabwawa ya kaskazini, Ufini na Urusi. Mdomo wake ni wa njano na ncha nyeusi, na shingo ameisimamisha wima kama fimbo. Nikawasikia kabla sijawaona, tarumbeta fupi, mbili mbili, zikijibizana ndani ya weupe. Kisha wakatoka: wawili weupe mbele, watatu wa rangi ya majivu nyuma. Familia. Watoto wa mwaka huu husafiri na wazazi wao safari yote ya kwanza, hukaa nao majira yote ya baridi, na njia wanaijua kwa kuipita. Yule mdogo wa mwisho alikuwa anabaki nyuma kila mara, akachovya kichwa, akainua, akajikuta peke yake, akapiga makasia kwa pupa. Mama au baba, sikuweza kutofautisha, aligeuza shingo bila kusimama.

Bata wawili wakapita juu yangu chini chini, Schellente, na mbawa zao zilipiga mluzi mwembamba, kila pigo na mluzi wake, mpaka wakamezwa na ukungu.

Nikampigia baba papo hapo, nikanyoosha simu kuelekea majini ili asikie tarumbeta. Akasikiliza kwa muda.

"Hao wana watoto," akasema.

"Umejuaje, baba?"

"Wanavyoitana." Kisha akakohoa kidogo. "Wale wako weupe wameshafika. Juzi, na mvua. Leo asubuhi walikuwa wengi mno pale mbele ya mwalo."

"Wangapi?"

"Sasa nani anawahesabu, mama?"

Nikamwambia wewe, kesho asubuhi mtumbwi ukirudi. Kumi kwanza, mmoja mmoja, halafu utazame wanachukua nafasi gani, halafu kumi kumi, bila kurudi nyuma. Alikuwa ananisikiliza kweli, nilimsikia akimwambia mtu pembeni apunguze redio.

"Haya. Naanzia upande gani?"

"Kushoto, baba."